Disketi za Mzee Huseni

Faridi, katibu wa kamati ya makaburi, hakuwa mtu wa kuzunguka. Jumatano baada ya alasiri alisimama mlangoni kwa Faruk, pale mtaani Buyenzi, akakataa kiti, akakataa chai, akasema kilichomleta.

"Fundi, korongo imekula tena. Mvua ya juzi imeangusha ukuta wa chini. Safu sita za makaburi tunazihamisha Jumamosi asubuhi, kila familia ije kuchukua mutu wake. Sasa tunataka daftari ya Mzee."

"Daftari gani?"

"Ile ya mu mashine. Mzee Huseni alikuwa anaandika kila mutu na kaburi yake. Si mashine iko kwako?"

"Iko."

"Basi utuandikie hizo safu sita ku karatasi. Tutapita Ijumaa, baada ya sala."

Faruk akauliza, "Na wenye hawatajulikana?"

"Hao tutawalaza pamoja, mu shimo moja, tuwaombee Mungu. Tutafanya nini kingine?"

Faruk akasema apana shida. Alisema apana shida mara tatu, na mtu anayesema hivyo mara tatu tayari anayo, ila Faruk mwenyewe alikuwa bado hajaujua ukubwa wake.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza friji. Hiyo ndiyo iliyolisha nyumba. Lakini mapenzi yake yalikuwa kwingine. Wanaume wenzake wakipata Jumapili tupu hushuka ziwani kula samaki wa mukeke na kubishana juu ya mpira; yeye alijifungia katika chumba cha wageni na kompyuta zilizokufa. Alikuwa nazo kumi na moja. Moja aliitoa Buterere, kwa watu wanaookota jalalani, ikiwa na kiota cha panya tumboni. Skrini moja nzito kama gunia la mchele alipewa na mstaafu mmoja wa Mutanga Nord, akaipakata kwenye baiskeli ya abiria mpaka nyumbani, dereva akimtukana kila kilima. Alizifungua, akazisugua kwa mswaki na alkoli, akabadilisha vilivyooza, akakaa akizitazama zikiwaka. Hakuzitumia kwa lolote. Furaha ilikuwa kuziona zinaamka.

Mke wake, Kudra, fundi cherehani, alizoea. "Wageni wako hawa," alikuwa akisema, "wamekuja na hawaende, lakini angalau hawaombe chakula."

Mashine ya kumi na moja ilikuja pamoja na baba yake Kudra. Mzee Huseni alikuwa karani miaka thelathini, na ofisi yake ilipotupa kompyuta zake za kwanza, yeye alibeba moja nyumbani. Haikuwa na diski ya ndani. Kila kitu kilikaa kwenye disketi zile pana, nyeusi, zinazopindika mkononi. Na kwa kuwa alikuwa mtu asiyeweza kuona kitu bila kukiandika, alijitwika kuandika makaburi. Pale makaburini hakuna mawe yenye majina. Kuna udongo tu na kijiti, na kijiti hakimalizi masika mawili. Kwa hiyo Mzee alitoka kila maziko na karatasi mfukoni, akafika nyumbani, akawasha mashine: jina, safu ya ngapi kutoka ukuta wa chini, kaburi la ngapi kutoka langoni. Mwaka hadi mwaka, disketi moja kila mwaka, zote ndani ya kopo la maziwa ya unga.

Miaka miwili iliyopita alipata kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, na kumbukumbu zikawa zinakuja zinavyotaka zenyewe. Kudra akamleta nyumbani kwake. Mashine ikaja juu ya godoro, na kopo likaja ndani ya ndoo.

Sasa sikia alichofanya Faruk. Wiki ile ile, Mzee hajazoea hata kitanda, mkwe alikuwa ameshaifungua mashine. Akatia disketi yake mwenyewe, nzuri, ya kupimia. Mashine ikakataa. Akatia nyingine, ikakataa. Akatambua ugonjwa: ndani ya kisomeo, kile kisanduku kinachomeza disketi, kuna kichwa kidogo kinachofuata mistari ya duara, na kichwa hiki kilikuwa kimekaa pembeni kwa kiasi kisichofika unene wa unywele. Faruk alifurahi kama daktari aliyepata mgonjwa mwenye ugonjwa anaoujua. Alikwangua doa la rangi nyekundu lililofunga skrubu mbili za mota, akazilegeza, akaizungusha mota kidogo kidogo mpaka kichwa kikakaa sawasawa, akakaza. Disketi zake zote zikasomeka. Alimwambia Mzee, "Baba, mashine yako imepona," na Mzee akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Kopo la maziwa hakulifungua. Hakujaribu hata disketi moja ya Mzee.

Alilifungua Jumatano ile, Faridi alipoondoka. Akachukua disketi iliyoandikwa 2003 kwa mkono mzuri wa karani, akaitia. Kichwa kikaguna, kikarudi nyuma, kikaguna tena. Mashine ikasema haioni kitu. Akajaribu 2004. Akajaribu 1998. Akahamia mashine nyingine mbili. Hakuna. Hapo alielewa yote kwa mara moja, na alitamani asingeelewa.

Kisomeo kile kilikuwa kimepinda tangu siku ya kwanza. Kwa miaka yote kiliandika kimepinda na kikasoma kimepinda, na hakikupata taabu yoyote, maana kilikuwa kinasoma mwandiko wake chenyewe. Hapa duniani hakukuwa na mashine nyingine ya kusoma disketi za Mzee Huseni isipokuwa ile moja, mbovu. Na Faruk alikuwa ameiponya.

Lakini hilo silo lililomnyima usingizi. Lililomnyima usingizi ni ule mwaka, 2003.

Mwaka huo, kabla ya binti yao Raihana kuzaliwa, Kudra alijifungua mtoto wa kiume. Mtoto aliishi siku tatu. Hata siku ya saba ya kumpa jina hakuifikia. Faruk alikuwa Kigoma kufuata mashine za friji, na meli ikachelewa, na aliporudi kila kitu kilikuwa kimekwisha. Mzee Huseni ndiye aliyemzika mjukuu, yeye na wanaume watatu ambao leo wote ni marehemu. Kudra hakwenda, wanawake hawaendi mazikoni. Na Faruk hakuuliza. Hiyo ndiyo aibu aliyoilea miaka ishirini na mbili: alifika mara moja mpaka langoni pa makaburi, akaona vichuguu vingi vya udongo, akageuka. Alijiambia atamuuliza Mzee wiki ijayo. Alijua tu kwamba ni upande wa chini, karibu na korongo.

Jambo lenyewe lilikuwa hilo. Kufikia Jumamosi, ama mtoto wao angepatikana, ama angetiwa katika shimo la wasiojulikana, na Faruk ndiye angekuwa amemtia.

Jioni ile Kudra alimuuliza, "Faridi alitaka nini?"

"Mambo ya makaburi. Anataka orodha ya Baba."

Mguu wa Kudra ukasimama juu ya pedali ya cherehani. "Ku upande wa chini?"

"Njo hivyo," Faruk akaitikia.

"Basi mutoto yuko mu orodha."

"Yuko. Nitamutafuta."

"Mungu akubariki, baba Raihana," alisema Kudra, naye hakuwa mtu wa kubariki hovyo. Faruk angependa ardhi ifunguke immeze.

Alhamisi alifunga mlango wa chumba cha wageni na kujifanya ana kazi. Alipotoka alikwenda kukaa kando ya kitanda cha Mzee.

"Baba, yule mutoto wa Kudra, wa kwanza. Ulimulaza wapi?"

Mzee alimtazama kwa upole. "Mwambie dereva asubiri," alisema. "Bado nina barua za kusaini."

Faruk aliuliza tena, na tena, polepole, kwa sauti kubwa, kwa sauti ndogo. Alipata habari za barua, za dereva, na za mkurugenzi mmoja aliyekufa zamani. Kudra alipita na sahani akawasikia, akasimama.

"Kwa nini unamuuliza Baba, na mashine iko?"

"Nataka tu kuhakikisha."

Kudra alimtazama kwa muda mrefu kuliko Faruk alivyopenda, kisha akaenda zake.

Ijumaa, akirudi msikitini, Faruk aliamua kusema. Si ushujaa. Faridi alikuwa amemshika mkono pale nje na kumwambia watu ishirini na wanne watapita saa tisa, na Faruk akaona afadhali Kudra asikie kwake kuliko mbele ya watu. Alimkuta kwenye cherehani, akabaki amesimama, akasema yote: kisomeo, doa jekundu, skrubu, kopo ambalo hakulifungua. Alieleza mpaka mambo ambayo hayakuhitaji kuelezwa. Kudra hakuinua uso. Alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno.

"Kwa hiyo ilikuwa inasoma," alisema.

"Ndiyo."

"Na we ukaitengeneza, ikaacha kusoma."

"Ndiyo."

"Nani alikuambia iko mugonjwa? Baba alilalamika? Kuna mutu alikuita?" Sauti yake ilianza kupanda. "Miaka yote mimi ninasali, nikifika ku mutoto sijue niseme nani. Ninasema tu, Mungu, yule wangu. Yule wangu! Hata kaburi yake sijaiona. Njo ilikuwa imebaki hiyo mashine peke yake, na we ukaenda kuitia bisibisi juu ya kutafuta raha!"

Faruk alilia, mtu mzima wa miaka hamsini na moja, amesimama katikati ya vipande vya vitambaa. Kudra alimwacha alie. Hakumhurumia, bado.

Halafu akasema, "Na we unajua kutengeneza tu? Kuharibu haujue?"

"Nini?"

"Ilikuwa imepinda. Uipinde tena vile ilikuwa."

Faruk alifungua mdomo kumweleza kwa nini haiwezekani. Alikwisha kulifikiria hilo, tangu Jumatano, na akaliogopa. Doa jekundu lililoonyesha mahali pa zamani alilikwangua. Hakukumbuka alizungusha upande gani. Na disketi za umri ule, kila kichwa kinapozisugua, huacha unga wa kahawia. Ukitafuta kwa kubahatisha unaweza kuwafuta wafu wa watu mmoja mmoja huku unawatafuta. Alimweleza hayo.

"Itahitaji disketi moja ya kujaribia. Inaweza kuharibika kabisa. Na kila moja iko na watu wa watu."

Kudra akaleta kopo, akazipanga disketi juu ya meza ya kukatia, mwaka baada ya mwaka. Chini kabisa kulikuwa na moja isiyo na mwaka. Iliandikwa: Barua zangu.

"Hii," alisema Kudra.

"Ni barua za Baba. Hatuzijue ni za nani."

"Wenye kusoma hizo barua walishazisoma. Tumia hii."

Ilikuwa saa saba na nusu. Wakaanza. Faruk aliigeuza mashine mgongo, akafungua kifuniko, akalegeza skrubu mbili. Mkono wa kushoto ulishika mota ndogo kwa ncha za vidole viwili, wa kulia ulikituliza kisanduku. Hakuweza kuona skrini, kwa hiyo Kudra alikaa mbele yake, akibonyeza kitufe alichoonyeshwa na kusema kinachotokea.

"Inakataa."

Unywele mmoja kulia.

"Inakataa."

Unywele mwingine. Kichwa kikaguna, krr, krr. Baada ya robo saa alitoa disketi, akapangusa kichwa kwa pamba, na pamba ikatoka ya kahawia. Hapo barua za Mzee Huseni zilikuwa zimeanza kuisha. Aliisogeza mota upande wa kulia mpaka mwisho. Hakuna. Akarudi katikati, akavikung'uta vidole kama mtu aliyemwagikiwa na maji ya moto. Upande wa kushoto ulikuwa ndio wa mwisho. Zaidi ya hapo hakuna pa kwenda.

"Inakataa," alisema Kudra. "Inakataa. Inakataa. Ina… ngoja."

Mlio ulikuwa umebadilika. Haukuwa kuguna tena, ulikuwa mlio mwepesi unaotembea.

"Kuna maneno," alisema Kudra kwa sauti ya chini. "Mengine yamekatika. Lakini ni maneno."

"Usiguse kitu," alisema Faruk. Akasogeza nusu ya unywele. "Na sasa?"

"Yote. Yote yanaonekana."

Na hapo umeme ukakatika.

Faruk hakusogeza kidole. Kukaza skrubu hakuthubutu, kwa sababu alijua zile skrubu: ukikaza, mota huhama. Mahali pale palikuwa kati ya vidole vyake viwili tu.

"Mama Raihana. Batri ya gari iko chini ya meza, na inverta. Waya nyekundu ku alama ya kujumlisha. Nyeusi ku ingine. Kisha uchomeke waya ya mashine ku inverta. Polepole."

"Mi sijawahi kuishika."

"Leo utaishika."

Alimsikia akiinama, akivuta, akinong'ona bismillahi. Cheche moja ikaruka, Kudra akapiga kelele, Faruk akakaza meno. Mkono ulianza kufa ganzi kuanzia kiwiko. Nje watu walikwisha kufika, walisikika wakisalimiana uani, na Faridi akabisha hodi mara mbili. Faruk aliwaza, nikipiga chafya sasa nimemaliza watu wote wa safu sita. Inverta ikavuma. Mashine ikalia ile tii yake fupi ya kuamka.

"Toa hiyo disketi. Tia ya 2003. Usiikunje. Sasa andika vile nilikuonyesha, bonyeza."

Krr. Kisha ule mlio mwepesi.

"Nimeona majina," alisema Kudra. "Januari… Kuna Mama Zaituni. Yoo, kuna Mzee Rajabu. Mungu wangu, wote wako hapa."

"Yetu ni Aprili. Shuka."

Alimsikia akibonyeza, kituo, kubonyeza. Vidole vyake vilikuwa havina hisia tena, alivitazama tu kuhakikisha bado vimeshika. Kubonyeza kukakoma.

"Umepata?"

Kiti cha Kudra kililia, akisogea karibu na skrini.

"Mama Raihana. Yuko?"

Alisoma hatimaye, kwa sauti ambayo Faruk hakuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtoto wa shule anayeogopa kukosea. "Namba arobaini na moja. Mtoto mwanamume wa Kudra binti Huseni na Faruk. Siku tatu. Safu ya nne, kaburi la kumi na saba kutoka langoni."

Faruk alifumba macho. "Alhamdulillahi. Andika. Andika haraka, safu ya nne, kumi na saba."

"Kuna maneno mengine."

"Yanasema nini?"

"Yanasema…" Akaanza, akaacha, akaanza upya. "Hakuwa na jina. Nimemwita Anouar, nikamwombea kwa jina hilo. Mama yake nitamwambia akitulia."

Inverta ilivuma. Kisha kiti kikasukumwa nyuma. Faruk hakuweza kugeuka, alisikia tu kandambili za mkewe zikivuka chumba, mlango ukafunguliwa, na sauti yake ikimwambia Faridi aingie na kalamu, akae pale, asome safu zote sita na aandike, disketi moja ikiisha atie nyingine, na asitikise meza.

Faridi akaingia, akakaa, akamwona fundi amekunjamana nyuma ya mashine, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, hana mkono wa kuyafuta.

"Fundi, uko mugonjwa?"

"Soma," alisema Faruk. "Soma tu, ndugu yangu."

Faridi alianza kusoma majina ya watu wa watu, moja moja, akiandika. Ng'ambo ya ukuta mwembamba kitanda cha Mzee kililia, kama mtu anapokaa ukingoni. Faruk alitega sikio.

"Baba," alisema Kudra. "Nimetulia. Uniambie sasa."